Presha, Mlenda na Kile Kipakiti cha Kwenye Jinzi

Mwezi huu sitawasimulia ya jirani wala ya yule "rafiki yangu mmoja" mliyemzoea. Nitasimulia ya kwangu. Kabla hujashtuka, mama watoto ameisoma makala hii kabla hata mhariri hajaiona, ameiruhusu, na amefuta sentensi mbili ambazo mimi nilidhani ndizo nzuri kuliko zote.

Ilianza Jumamosi moja asubuhi, siku ya kufua, pale tunapoishi Dodoma. Mke wangu ana tabia ya kupekua mifuko ya nguo kabla hajaziloweka, na kwa haki kabisa, maana nimeshawahi kufulisha noti za elfu kumi mbili. Siku hiyo hakukuta noti. Alikuta kipakiti cha vidonge vinne, viwili havipo.

Akaja nacho sebuleni, akakiweka mezani pembeni ya kikombe changu cha chai. Wala hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza.

"Baba, hivi unavitumia na nani?"

Alijua ni vidonge gani. Nani asiyevijua siku hizi? Na hesabu yake ilikuwa nyepesi: vimekosekana viwili, yeye anakumbuka usiku mmoja tu. Cha pili kimekwenda wapi? Ukweli ni kwamba cha pili nilikimeza usiku ambao kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa kwa shoka, nikageukia ukutani nikajifanya nimelala. Lakini ningemwambia hivyo, ingebidi nimwambie na mengine.

Mengine ni haya. Miezi minane kabla ya hapo nilipima afya kwa ajili ya mambo ya kazini, nikakutwa na presha, 152 kwa 96. Nikapewa vidonge. Nikavitumia miezi miwili bila kumwambia mtu, kisha mambo ya chumbani yakaanza kugoma. Nikavilaumu vidonge, nikaviacha kimyakimya. Mambo hayakurudi. Ndo nikaingia duka la dawa la mtaa mwingine, nimevaa kofia kama mwizi, nikanunua kile kipakiti.

Basi nikanyamaza pale mezani. Hebu fikiria ujinga wangu: nilikuwa tayari mke wangu aamini nina nyumba ndogo kuliko ajue kwamba mwili unanigomea.

Wiki mbili tukaishi kama wapangaji wanaogombania luku. "Chakula kipo." "Sawa." "Ada ya mtoto." "Nimetuma." Kitandani tuliweka mtoto wetu wa pili katikati, eti anaogopa giza. Mtoto mwenyewe hajawahi kuogopa kitu.

Kisha simu ikapigwa kutoka nyumbani Singida. Baba mdogo ameanguka akitoka kunawa uso, upande wa kulia haufanyi kazi, na akiongea haeleweki.

SAFARI YA SINGIDA

Kutoka Dodoma hadi Singida mjini ni kama kilomita 240, lami tupu. Unapita Bahi, unapita Manyoni, unakuja Ikungi ambako ndiko kwetu hasa, kisha mjini. Ilikuwa karibu na Pasaka, mvua zinaaga, na alizeti zilikuwa zimefungua macho yake ya njano pande zote mbili za barabara. Kama una mchumba unayetaka kumwonyesha nchi nzuri, mpeleke Singida mwezi wa nne. Mimi nilikaa na mke wangu kiti kimoja, na katikati yetu alikuwa ameweka mkoba wake. Amekuja kwa heshima ya baba mdogo, si kwa ajili yangu, na alihakikisha nalijua hilo.

Hospitali tulimkuta baba mdogo amelala, mdomo umevutika upande mmoja. Huyu ndiye mzee aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alinitazama akajaribu kuniita jina langu la utotoni, likatoka nusu. Nikatoka nje kutafuta mahali pa kusimama.

Nikiwa huko, mama mdogo alimvuta mke wangu pembeni ya korido, wakaongea yale ya wanawake. Alimwambia kwamba mzee alikuwa na dawa za presha tangu mwaka juzi, akaziacha. Kwa watu alisema amepona. Kwake yeye chumbani alisema zinamwondolea uanaume.

Mke wangu alinifuata kwenye benchi nilipokaa. Akakaa, mkoba akaupakata mapajani. Kimya kama dakika nzima.

"Una presha?" akaniuliza.

Msomaji, kuna maswali ambayo hata mdomo ukikataa, uso unajibu. Alinitazama, akaanza kulia, halafu akanipiga ngumi ya bega, halafu akalia tena. "Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili nahesabu wanawake wa ofisini kwenu!"

Nusu saa baadaye nilikuwa nimekaa mbele ya daktari kijana mwenye miwani, mkono umebanwa na kile kitambaa cha kupimia. 164 kwa 102. Akapima tena baada ya dakika tano, 162 kwa 102. Akaniuliza dawa, nikamweleza. Akaniuliza mambo ya ndoa, mke wangu yupo palepale. Nikatazama dari. Mke wangu akajibu kwa niaba yangu, tena kwa kirefu.

GESI INAYOISHI SEKUNDE CHACHE

Aliyotueleza yule daktari siku ile nimeyasoma tena na tena baadaye, na nimegundua hakutudanganya. Nitajitahidi kuyaeleza kama alivyoyaeleza.

Mishipa ya damu si mabomba ya plastiki. Ukuta wake una misuli inayoweza kubana na kulegea, na kwa ndani kabisa, pale damu inapopita, umetandikwa utando mwembamba wa seli safu moja tu. Utando huo ndio wenye kazi. Damu ikipita kwa kasi inausugua, nao ukisuguliwa unatoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo inapenya kwenye misuli ya mshipa na kuiambia ilegee. Mshipa unatanuka, damu inapita kwa raha, presha inashuka. Kisha gesi inapotea. Inaishi sekunde chache tu, kwa hiyo mwili unalazimika kuitengeneza mchana na usiku, bila kupumzika.

Presha ikikaa juu muda mrefu, au mtu akivuta sigara, au sukari ikipanda, ule utando unachoka na kutoa gesi kidogo. Mshipa unabaki umebana. Presha inapanda zaidi, utando unachoka zaidi. Ni duara baya.

Sasa, ile shughuli ya chumbani kwa mwanaume ni shughuli ya damu kwanza kabla haijawa ya kitu kingine. Akili ikivutiwa, mishipa ya fahamu na ule utando vinamwaga naitriki oksaidi, misuli ya huko inalegea, damu inaingia na kukaa. Bila gesi hakuna damu, na bila damu, ndugu yangu, unabaki na nia njema tu. Na mishipa ya huko ni myembamba kuliko ile ya moyo, ndiyo maana mara nyingi hitilafu hujionyesha huko miaka michache kabla ya moyo kulalamika. Daktari alilisema hili taratibu, akimtazama mke wangu zaidi kuliko mimi: mwanaume wa miaka thelathini na kitu akianza kushindwa, kabla ya kutafuta mchawi au mchepuko, apimwe presha na sukari.

(Dada zangu msidhani hamhusiki. Na nyie mna mishipa, na msisimko wa mwanamke nao unategemea damu kufika inakotakiwa. Ila nyie mkishindwa huwa mnasingizia uchovu, na sisi tunaamini.)

Vile vidonge vyangu vya kofia vilikuwa sildenafili. Hadithi yake inachekesha. Kampuni ya Pfizer ilikuwa inatafuta dawa ya maumivu ya moyo, ikaijaribu kwa watu huko Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwenye moyo haikufanya maajabu, lakini wanaume waliojaribiwa wakaanza kuripoti jambo lingine ambalo halikutarajiwa. Machi 1998 ikaruhusiwa Marekani kwa jina la Viagra. Inachofanya si kutengeneza naitriki oksaidi. Inazuia tu ujumbe wa gesi hiyo usifutwe haraka. Kama mwili wako unatengeneza gesi kidogo mno, dawa nayo inakosa cha kushikilia. Ndo maana usiku ule wa pili niliambulia kichwa kuuma na hakuna la ziada. Mishipa ya kichwani ndiyo iliyotanuka.

Na kichwa hicho kina historia ndefu. Nitrogliserini, ile iliyomo kwenye baruti za Alfred Nobel, hutoa naitriki oksaidi mwilini. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti walikuwa wakiumwa kichwa kila Jumatatu wanaporudi kazini. Madaktari waligundua kwamba inatuliza maumivu ya kifua, ingawa hawakujua kwa nini. Nobel mwenyewe alipougua moyo uzeeni akaandikiwa hiyohiyo, akakataa kuinywa kwa kuogopa kichwa! Alifariki mwaka 1896. Miaka 102 baadaye, mwaka uleule wa Viagra, tuzo yenye jina lake ikaenda kwa Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, kwa kugundua kwamba siri ya mambo yote haya ni gesi moja ndogo ambayo watu waliijua tu kama moshi mchafu wa magari.

Hapa daktari alikunja uso. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrogliserini akameza na sildenafili, presha inaweza kuporomoka mpaka akafa. Na zile poda na maji ya mitishamba ya "nguvu za kiume" zinazouzwa stendi, vumbi la huku na vumbi la kule? Sehemu nyingi duniani bidhaa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimechanganywa sildenafili kimyakimya, na anayekunywa hajui kiasi. Mshikaji anadhani ni mzizi tu.

Kuhusu zile dawa nilizoziacha, aliniambia kitu ambacho ningekijua miezi sita mapema kama ningefungua mdomo. Dawa za presha ziko za aina nyingi. Baadhi ya zile za zamani zinaweza kweli kupunguza nguvu kwa baadhi ya watu, zipo nyingine ambazo kwa kawaida hazina tatizo hilo, na mara nyingi mwenye kosa ni presha yenyewe. Akanibadilishia. Dakika mbili, basi. Baba mdogo naye angebadilishiwa.

JIKONI KWA MAMA

Tulilala kijijini, nje kidogo ya Ikungi, kwa mama yangu. Mama ana miaka sabini na kitu, anakwenda shamba kwa mguu asubuhi na kurudi jua likiwa kali, na mke wangu alipompima kwa kile kipimo tulichonunua mjini alisoma 124 kwa 78. Mtu mmoja si ushahidi, hilo nalijua. Baba mdogo alikula chungu kilekile utotoni.

Jioni ile mama aliivisha ugali wa uwele, mlenda mbichi, majani ya kunde na kuku mmoja mwenye misuli kama ya bondia. Watu wa Dar mnawasifia sana kuku wetu wa Singida. Mimi siku hiyo nilikuwa natazama majani.

Kwa sababu daktari alisema hivi: mwili una njia mbili za kupata hiyo gesi. Ya kwanza ni ule utando. Ya pili ni mboga. Mboga za majani kama mchicha, na kiazi chekundu kiitwacho bitiruti, huvuta madini ya naitreti kutoka udongoni. Ukizila, naitreti inaingia kwenye damu, kisha tezi za mate zinaikusanya na kuirudisha mdomoni. Huko nyuma ya ulimi wanaishi bakteria ambao wanaigeuza kuwa naitraiti. Ukimeza mate, mwili unaigeuza kuwa naitriki oksaidi. Yaani bila vijidudu vya ulimi, sisi wenyewe kazi hiyo hatuiwezi.

Niliposikia hapo, mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo wanandoa wanalijua.

Nieleze. Sisi wengine wa mikoa ya huku tumekulia maji ya visima yenye floraidi nyingi, na meno yetu yana rangi ya kahawia kama yamechovywa kwenye chai. Tangu chuo nimekuwa nikisukutua na ile dawa kali ya kuua bakteria, asubuhi na usiku, kwa aibu ya tabasamu langu. Rangi haijawahi kutoka, maana iko ndani ya jino. Ila bakteria nadhani walikuwa wanakufa kila siku mara mbili. Zipo tafiti zilizoonyesha kwamba watu wazima wenye afya wakisukutua hivyo kwa siku kadhaa, naitraiti hupungua na presha hupanda kidogo. Kidogo tu, sisemi ndiyo iliyoniangusha. Lakini chupa ile tuliiacha kwenye choo cha mama, anasafishia sakafu.

Tena mama alipoona mke wangu anachemsha mchicha na kumwaga maji yake ya kwanza kama tunavyofanya mjini, akaguna. Yeye anaukaanga kidogo na maji yake yenyewe, hamwagi kitu. Mama hajui naitreti ni nini, ila ni kweli kwamba ukichemsha na kumwaga maji, sehemu kubwa ya naitreti huondoka nayo. Kwenye mlenda tulibishana zaidi. Mama anatia magadi ili ulegee na kuteleza vizuri, na magadi yana sodiamu kama chumvi ilivyo na sodiamu, kitu ambacho mwenye presha anatakiwa akipunguze. "Sasa mlenda usio na magadi si ni majani tu?" akauliza. Mke wangu akampigia mahesabu ya chumvi. Wakaafikiana nusu. Mlenda wa siku ya pili haukuteleza sana. Tuliula hivyohivyo.

Kama unadhani haya ni maneno ya kizungu tu, Watanzania wamo kwenye hadithi hii kwa damu zao wenyewe. Mwaka 1996 kundi la watafiti, akiwemo Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, walichapisha matokeo ya watoto wa Dar es Salaam wenye malaria. Waliokuwa na vimelea bila kuumwa walikuwa na naitriki oksaidi nyingi. Waliozidiwa na malaria ya ubongo walikuwa nayo kidogo, na waliofariki kidogo zaidi. Mwaka 2002 jarida la Lancet likatoa utafiti mwingine, kwamba watoto wa Tanzania na Kenya wenye tofauti fulani ya kurithi inayowafanya watengeneze gesi hiyo kwa wingi walikuwa na kinga dhidi ya malaria kali. Kumbe kitu tunachokitafuta kwenye vipakiti ndicho kinachomlinda mtoto mwenye homa.

Na ule uliomgusa zaidi mke wangu ulifanyika Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2020. Watu 47, wa miaka 50 hadi 70, wenye presha ya kupanda, waliwekwa makundi matatu kwa siku 60. Kundi moja lilipewa juisi ya bitiruti pamoja na asidi ya foliki, kundi la pili juisi hiyo na kidonge kisicho na kitu, kundi la tatu juisi iliyoondolewa naitreti na kidonge kisicho na kitu. Presha ya juu, ikipimwa kwa saa 24, ilishuka kwa wastani wa karibu 11 kwa kundi la kwanza na karibu 6 kwa la pili, na kwa la tatu ilibaki karibu palepale. Watu 47 ni wachache, na waliofanya utafiti wenyewe waliuita wa majaribio. Lakini ni watu wa kwetu, wanakula kama sisi.

Basi mama watoto akaniletea bitiruti kutoka sokoni Singida mjini, akazikwangua, akazikamua kwa kitambaa, akaongeza tangawizi. Nikanywa glasi mbili kubwa mfululizo, si unajua mwanaume aliyekosa anavyotii.

Kesho yake alfajiri nilikwenda kujisaidia nyuma ya nyumba. Mkojo mwekundu.

Nilipiga kelele ambayo mama aliisikia akiwa zizini. Kichwani nilishamaliza hesabu: kichocho, figo, nitazikwa pembeni ya babu. Nikaingia ndani natetemeka, nikamweleza mke wangu kwa kunong'ona. Akanitazama. Akatazama glasi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, akajifunika khanga usoni na bado anacheka. Rangi ya bitiruti, kwa baadhi ya watu, inapita mwilini na kutoka ilivyoingia. Haina madhara. Nilikuwa sijasikia kicheko kile kwa zaidi ya mwezi.

Mama akauliza kutoka nje kuna nini. Tukamwambia hamna kitu.

Usiku ule, wa mwisho kabla ya kurudi, tulikaa nje kwenye kigoda na jiwe, yeye kigoda mimi jiwe. Nikamweleza yote, mpaka ile kofia. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema niliogopa ataniona si mwanaume. Akasema, "Mimi nililala na mwanaume mwenye siri wiki mbili. Huyo ndiye sikumtaka." Hapa ndipo ilipokuwepo moja ya zile sentensi alizofuta.

Leo ni zaidi ya miezi miwili. Dawa mpya nakunywa kila usiku, na yeye ndiye anayenipa, na maji. Bitiruti nakunywa glasi moja ndogo mara chache kwa wiki, tena baada ya kumuuliza daktari, maana mwenye shida ya figo au mawe ya figo hatakiwi kujianzia tu. Mchicha hatumwagi maji. Jioni tunatembea dakika arobaini, watoto wakiwa na dada, kwa sababu damu ikipita kwa kasi ndo ule utando unapoamka. Nilisoma pia kwamba ukivuma wimbo kwa mdomo uliofumba, gesi hiyo huongezeka sana puani, nikawa navuma nyimbo za kwaya njiani mpaka nikaombwa niache. Wiki iliyopita nilipima 136 kwa 86. Kipakiti chenye vidonge viwili vilivyobaki kiko kabatini, daktari anajua kipo. Sentensi ya pili aliyoifuta ilikuwa inahusu kama tumekihitaji.

Baba mdogo ameanza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia unafungua vidole viwili. Jina langu la utotoni sasa analitamka lote. Juzi mama alipiga simu kuulizia kama huku Dodoma tunapata zile bitiruti kwa bei nafuu, maana kule kijijini wanawake watatu wameshamuuliza ni dawa gani hiyo iliyomfanya mkwewe acheke vile alfajiri.

Tukutane mwezi ujao.